Nampeleka Shangazi Bologna

Mtu akisikia unakwenda Italia hukuuliza kama utaona Roma, kama utapanda mashua Venezia, na akiwa mpenzi wa mpira, kama utaingia San Siro. Sisi hatuendi kokote kati ya huko. Tunakwenda Bologna, na aliyeamua si mimi. Ni shangazi yangu, mwanamke wa Malindi aliyekwisha pita umri wa kuulizwa umri, ambaye tangu niko mdogo namsikia akitaja mtaa wa Pescherie Vecchie kama mtu anayetaja Barani au Shela. Hajawahi kufika. Ukiacha Umra, hajawahi kutoka Kenya.

Kwa asiyeijua Malindi, Wataliano wako pale tangu miaka ya 1960, walipokuja kurusha roketi kutoka jukwaa la San Marco lililosimama juu ya maji ya bahari. Satelaiti ya kwanza kutoka jukwaa lile iliruka mwaka 1967. Baada ya wanasayansi wakaja watalii, na baada ya watalii wakaja wale waliojenga nyumba na kugoma kurudi kwao. Ndiyo maana mtu wa Malindi haoni ajabu kumsikia muuza vinyago akipatana bei kwa Kitaliano cha moja kwa moja. Shangazi alifanya kazi ya jikoni kwa bibi mmoja mzee aliyezaliwa Bologna. Alijifunza Kitaliano chake mle mle jikoni: siasa za Italia hazijui, lakini ukifungua tanuri kabla ya wakati atakugombeza kwa lafudhi ambayo Wataliano wenyewe huigeukia kumtazama anayesema.

Alijifunza pia kusukuma unga. Si kwa mti wa chapati. Yule bibi alikuja na mti wake kutoka kwao, mrefu karibu mita moja, na alipofariki Shangazi ndiye aliyeachiwa. Kwa miaka mingi alisukuma tagliatelle, zile pasta za utepe, akazikata, akazichemsha, akaziweka mezani, kisha akaenda kula wali wake pembeni, kwa sababu mchuzi uliomwagwa juu ya tagliatelle hizo ulikuwa na nguruwe.

Kwa hiyo mpango wa safari hii umeanzia kwenye sahani, na viza na hoteli zimefuata nyuma. Nadhani hata kwa asiye na shangazi kama wangu, Bologna inapaswa kupangwa hivyo. Mji huu Wataliano wameupa majina matatu: msomi, kwa ajili ya chuo kikuu ambacho mwaka wake wa kuanzishwa hutajwa kuwa 1088; mwekundu, kwa rangi ya matofali yake na pia kwa siasa zake za mrengo wa kushoto; na mnene. Huo unene ndio unaowapeleka watu. Anayekwenda Bologna kuona makanisa tu ni kama amekwenda harusini akakaa kwenye gari.

Sasa tuseme wazi, kwa sababu makala nyingi za utalii hupita hapa kwa kunyata. Unene wa Bologna ni wa nguruwe. Mortadella, ile soseji nene ya waridi yenye vipande vyeupe vya mafuta, ni ya hapa, na tangu mwaka 1661 kulikuwa na amri ya kanisa iliyosema itengenezwe vipi na na nani. Tortellini, zile pasta ndogo zilizokunjwa na kuliwa ndani ya supu, zimejazwa kiuno cha nguruwe, paja la nguruwe lililokaushwa na mortadella, pamoja na jibini, yai na kungumanga. Lasagna ina mchuzi wenye nguruwe. Hata kipande cha nyama ya ndama wanachokaanga kwa mtindo wa mjini hapo huwekewa juu paja la nguruwe, ndipo jibini. Na ukidhani utaponea kwenye maandazi yao ya chumvi, crescentine, mengi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Mwislamu akienda bila kujiandaa, siku ya kwanza atakula pizza, ya pili pizza, ya tatu ataanza kulalamika kwamba Bologna imesifiwa bure. Pizza ni ya Napoli. Hajala chochote cha Bologna.

Kuna jambo moja kuhusu watu hawa ambalo lilinifanya niwapende. Mapishi yao wameyasajili. Katika jumba la Mercanzia, ilipo Chemba ya Biashara ya Bologna, kumewekwa vipimo rasmi kama vile watu wanavyoweka hati za shamba. Mwaka 1972 iliwekwa tagliatella ya dhahabu, kuonyesha kwamba utepe ukishapikwa uwe na upana wa milimita 8, na wakaongeza kwamba huo ni sehemu moja kati ya 12,270 ya urefu wa Asinelli, mnara mrefu wa mjini humo. Nilipomsomea Shangazi habari hiyo alikwenda jikoni, akarudi na rula ya mjukuu wake. Mwaka 1982 ukafuata mchuzi wenyewe, ragù, ambao maelezo yake yalifanyiwa marekebisho mwaka 2023.

Ukisoma orodha ya ragù unaelewa kwa nini hakuna haja ya kumwomba mhudumu akutolee nguruwe. Kuna nyama ya ng'ombe, kuna pancetta ambayo ni nyama ya tumbo la nguruwe iliyotiwa chumvi, karoti, selari, kitunguu, nyanya kidogo kuliko tunavyodhani huku kwetu, divai, na maziwa. Vyote vimekaa jikoni saa nyingi. Pancetta imekwisha yeyuka na divai imekwisha ingia. Mpishi atakutolea nini? Na tukiwa hapo hapo, ile sahani ya spageti yenye nyama ya kusaga inayouzwa kwenye hoteli za pwani kwa jina la Bologna, Bologna haiko. Ragù yao huenda juu ya tagliatelle, au katikati ya lasagna, na ukiagiza na spageti utaletewa sura kabla ya kuletewa chakula, kama utaletewa.

Nini basi tutakula? Hapa ndipo Shangazi alipoanza kunifundisha, maana mimi nilikuwa nahesabu hasara. Mji mzima, aliniambia, umejengwa juu ya unga na yai. Nguruwe ni kitoweo. Unga gramu 100, yai moja. Hakuna maji, hakuna mafuta, na kwa wengi hakuna hata chumvi. Ukijua hivyo unaanza kuona vitu ambavyo wapiga picha wa chakula huvipita. Kuna tortelloni, ndugu wakubwa wa tortellini, ambazo hujazwa jibini laini la ricotta na majani ya kotimiri wa kizungu, zikaletwa na siagi na majani ya salvia, au siagi na nyanya. Tofauti ya jina ni herufi moja na tofauti ya tumbo ni kubwa, kwa hiyo msomaji wangu asome menyu kwa miwani. Kuna tagliatelle za uyoga wa porcini, ambao huja na mvua za vuli. Kuna balanzoni, za kijani kwa mchicha, lakini hizo ogopa, mara nyingi zina mortadella ndani.

Jibini la Parmigiano Reggiano litakuwa kila mahali, na hapo Mwislamu ana swali lake. Jibini hilo hugandishwa kwa dawa inayotoka tumboni mwa ndama, na wanazuoni wametofautiana juu yake. Shangazi amemuuliza shekhe wake, na jibu lake ni baina yao. Wewe muulize wako. Mimi natoa habari tu, sitoi fatwa.

Maneno ya kukariri si mengi. *Maiale* ni nguruwe. *Strutto* ni mafuta yake, na hili ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu mhudumu ukimwuliza kama kuna nguruwe kwenye mkate atasema hapana kwa moyo safi, hawazi mafuta. *Brodo* ni supu ya nyama, nayo huingia hata kwenye vyakula vinavyoonekana vya mboga. Muulize hayo matatu, mmoja mmoja, ukitabasamu. Mwenye meza nzuri hachukii kuulizwa. Nimeandika barua pepe kwa mikahawa kadhaa mapema, nikieleza kwamba nitakuja na mama mtu mzima asiyekula nguruwe wala kunywa pombe, na kwamba hatutaki saladi ya huruma. Waliojibu vizuri ndio tutakaokwenda kwao. Kigezo hicho nakiamini kuliko nyota za mtandaoni.

Tumepanga pia kukodi nyumba yenye jiko badala ya hoteli. Nyuma ya kituo kikuu cha treni kuna mtaa unaoitwa Bolognina, wa wafanyakazi tangu zamani na sasa wa wahamiaji wengi, na huko nyama ya halali inapatikana. Shangazi anataka kupika ragù yake mwenyewe, ya ng'ombe mtupu, bila divai, maziwa yakiwemo. Amekwisha ipika Malindi mara nyingi. Husema ya kwake inashinda ya wenyewe, na hakuna wa kumpinga, kwa kuwa ya wenyewe hawezi kuionja.

Kuhusu majira, usiende Agosti. Joto la uwanda wa mto Po ni zito, halina upepo wa bahari, na wenyeji huukimbia mji. Kuelekea tarehe 15 mikahawa mingi ya maana hufunga na kubandika karatasi mlangoni. Majira ya baridi yana ukungu, ingawa ndiyo wakati wa tortellini za supu, jambo lisilotuhusu. Nimechagua katikati ya Oktoba: uyoga upo, maboga yapo, sikukuu ya mtakatifu wao Petronio, tarehe 4, imekwisha pita. Baridi yake kwa Mtaliano ni ya koti jepesi. Kwa mtu wa Malindi ni ya sweta mbili.

Kitu kingine ambacho wageni hawakijui ni maonyesho ya biashara. Bologna ina viwanja vikubwa vya maonyesho, na mji ukipata wageni wa vigae mwishoni mwa Septemba, wa vipodozi mwezi Machi, au wa vitabu vya watoto majira ya kuchipua, bei za vyumba hupanda hadi unadhani umesoma vibaya. Kabla ya kukata tiketi fungua kalenda ya maonyesho. Kusogeza safari kwa wiki moja kunaweza kukuokolea fedha za kulia vizuri muda wote uliobaki.

Viza ni viza. Ya Schengen, ambayo ndiyo ya kuingilia Italia, sasa ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya matibabu lazima ifikie euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usingoje hizo siku 15. Kazi kwa mzee kama Shangazi si kuonyesha kwamba ana hela, maana mimi ndiye mdhamini na taarifa zangu za benki zipo. Kazi ni kuonyesha kwamba atarudi. Hana mkataba wa kazi. Ana hati ya kiwanja, ana wajukuu, ana pasipoti yenye mihuri ya kwenda na kurudi Saudia, na hiyo mihuri naiona kuwa wakili wake mkubwa. Nimeambatisha pia barua ya kurasa mbili ikieleza kwa nini mwanamke wa Malindi anataka kuona Bologna. Nimesimulia habari za yule bibi na mti wake. Afisa asipoamini hiyo, sijui ataamini nini. Jambo ninalolihofia ni alama za vidole. Vidole vyake vimesuguliwa na unga na sabuni miaka yote hiyo, na hata pale tulipokwenda kushughulikia kitambulisho, mashine ilimhangaisha.

Ndege si tatizo. Kuna wanaopitia Dubai na wanaopitia Istanbul, na miji yote miwili ina ndege za moja kwa moja hadi Bologna, hivyo unabadilisha mara moja tu baada ya kutoka Nairobi. Kuna pia zile ndege za watalii baina ya Milano na Mombasa, zinazowaleta Wataliano wetu, na kutoka Milano treni ya mwendo kasi hufika Bologna kwa muda wa saa moja na kitu. Hesabu yangu ilionyesha unafuu kwa njia hiyo, lakini Shangazi alikataa kuteremka Milano na mizigo. Uwanja wa Bologna una jina la Guglielmo Marconi, yule wa redio, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1874, na kutoka hapo kuna kitreni cha juu kinachokufikisha kituo kikuu kwa dakika chache.

Ukitokea kituoni, geuka utazame saa ya ukutani. Imesimama kwenye saa 4 na dakika 25 asubuhi, wakati bomu lilipolipuka chumba cha kusubiria tarehe 2 Agosti 1980, likaua watu 85. Watu wanapita chini yake na masanduku yao wakikimbilia treni za Firenze.

Mimi nilipata kupita Bologna kikazi, kwa muda mfupi mno, na kilichobaki kichwani ni kutembea bila kunyeshewa. Mvua ilikuwa inamwagika na sikuhitaji mwavuli. Mji una vibaraza vyenye matao pembeni mwa barabara, mfululizo, ukivijumlisha vyote ni kilomita 62, na mwaka 2021 viliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Asili yake ni uhaba wa nyumba. Wanafunzi walikuwa wanafurika, wenye nyumba wakaanza kutokeza vyumba vya juu hadi barabarani na kuvishikilia kwa nguzo. Badala ya kuwabomolea, serikali ya mji mwaka 1288 iliwaamuru wote wajenge hivyo: kibaraza kiwe mali ya mwenye nyumba, lakini njia iwe ya umma. Kiwe kirefu pia cha kutosha mtu kupita juu ya farasi. Katika Strada Maggiore kuna nyumba ya Isolani, ya karne ya 13, ambayo nguzo zake bado ni za mti wa mwaloni, ndefu, nyeusi, zimepasuka pasuka kwa uzee na bado zimebeba ghorofa. Mtu aliyekulia kwenye miji yenye baraza kama Lamu na Mombasa atapaelewa hapo bila mwongozaji. Tofauti ni kwamba hakuna anayekaa, wote wanatembea.

Kwa magoti ya Shangazi hivyo vibaraza ni neema, ila sakafu ikilowa huteleza. Viatu vyake nimevinunua mimi, baada ya mabishano. Kile kibaraza kirefu cha kupanda hadi kanisa la San Luca kilimani, kilichoanza kujengwa mwaka 1674, chenye matao 666, hatutakipanda kwa miguu. Kuna kitreni cha watalii kinachotoka Piazza Maggiore. Mnara wa Asinelli, wa mita 97 na ngazi 498, nao tutautazama kwa chini, na hata vijana wanaosoma makala hii waulize kwanza, kwa sababu tangu Oktoba 2023 jirani yake Garisenda, ule ulioinama, umezungushiwa uzio kwa hofu ya kuanguka, na kupanda kukasitishwa.

Ndani ya Archiginnasio, jengo la zamani la chuo, kuna ukumbi wa mbao wa mwaka 1637 ambamo madaktari walipasua maiti mbele ya wanafunzi. Uliharibiwa na mabomu ya vita mwaka 1944 ukajengwa upya. Kando ya kiti cha profesa kuna sanamu mbili za watu wasio na ngozi. Nilimwonyesha Shangazi picha. Akasema yeye haendi likizo kutazama maiti, niingie mwenyewe, yeye atanisubiri kwenye kahawa.

Lakini kuna habari moja ya historia aliyotaka niirudie. Mwaka 1256 mji wa Bologna uliamua kuwakomboa watwana wote waliokuwa chini ya mabwana katika eneo lake. Hazina ya mji iliwalipa mabwana kwa kila kichwa, na majina ya waliokombolewa, zaidi ya 5,800, yakaandikwa kwenye kitabu kilichoitwa Paradiso, ambacho kingali kwenye hifadhi ya nyaraka za serikali mjini humo. Wanahistoria wanakumbusha kwamba haukuwa wema mtupu, maana mtu huru analipa kodi na mtwana halipi. Shangazi hakujali kodi. Malindi iliyofufuka karne ya 19 ilifufuliwa na mashamba ya mtama yaliyolimwa na watumwa, na kila familia ya pale inajua bibi zake walikuwa upande upi, ijapokuwa si jambo linalozungumzwa mbele ya wageni. Aliuliza kitu kimoja: "Na majina ya wanawake yamo?" Yamo.

Halafu kuna Quadrilatero, vile vichochoro vya soko nyuma ya Piazza Maggiore, na hapo ndipo mtaa wake wa Pescherie Vecchie ulipo. Nilipita asubuhi. Matunda yametoka madukani hadi katikati ya njia, mapaja ya nguruwe yananing'inia darini mfano wa popo, samaki wako juu ya barafu, na katikati ya hayo yote dirisha la kioo ambalo nyuma yake mwanamke wa makamo, nywele kafunga kwa kitambaa, anasukuma unga. Wanaofanya kazi hiyo huitwa *sfogline*. Nilisimama kumtazama hadi akaniona. Donge lilikuwa la manjano iliyoiva, kwa sababu ya viini vya mayai yao. Meza ilikuwa ya mbao, si ya marumaru, ili unga uchukue ukwaruzo wa mbao na mchuzi upate pa kushika. Alikuwa haugandamizi, viganja vyake vilianzia katikati ya mti vikatelezea pembeni, na kila mara akiuachia upande mmoja wa unga uning'inie nje ya ukingo wa meza, uzito wake wenyewe uuvute. Wenyeji husema unga mwembamba wa kweli ukiuinua uone San Luca kwa nyuma yake. Kisha akaukunja, akashika kisu kipana, akakata bila kutazama, akachukua fungu kwa ncha za vidole, akalitikisa mara moja, na tagliatelle zikafunguka.

Nilijua mikono ile. Nimeiona jikoni Malindi, yenye bangili.

Siku za pembeni sikuzipanga nyingi. Ferrara, kama nusu saa kwa treni, kwa sababu wao hujaza pasta zao boga, na ukisema siagi na salvia hakuna nyama inayokaribia. Ila mkate wao maarufu uliosokotwa una *strutto*, uache. Modena kwa siki yao ya zabibu, ile ya asili ambayo haiuzwi kabla ya kukaa miaka 12 kwenye mapipa darini mwa nyumba. Chupa yake ni ndogo na bei yake si ndogo. Parma, mji wa paja la nguruwe lililokaushwa, nimeifuta. Firenze iko karibu mno kwa treni na inashawishi, lakini ukianza na Firenze siku zako zote zitakwisha kwenye foleni.

Mambo madogo: chakula cha mchana ni kuanzia saa sita u nusu hadi saa nane u nusu, kisha majiko yanazimwa hadi saa moja u nusu usiku, nafasi inayotosha alasiri na usingizi. Kuna ada ya kukalia meza, *coperto*, euro chache kwa kila mtu, si wizi, ni desturi. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni rahisi zaidi. Kuna kodi ya kulala mjini, kwa kila mtu kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona ukiwa nyumbani. Usikodi gari, katikati ya mji kuna kamera za kuzuia magari ya wageni na faini hukufuata hadi kwenu.

Kilichobaki ni darasa. Kuna shule kadhaa za kufundisha watalii kusukuma unga, na nimepata moja iliyokubali tufanye tortelloni za ricotta badala ya tortellini, na meza yetu isiguswe na nyama. Wameuliza kama sisi wanafunzi wawili ni wa daraja la mwanzo. Nilimpigia Shangazi nimjibie nini.

"Waambie wewe ndiye wa mwanzo," alisema. "Na uniulizie mti wao una urefu gani, kama ni mfupi nije na wangu."